Kioo cha Watu Wasiotazamana

Kazi yangu ni kupanga vioo vya pamoja. Nikisema hivyo, watu wa Kharumwa huniuliza kama nauza vioo vya madirisha, na siku nikiwa nimechoka kueleza nakubali tu kwamba ndiyo, nauza. Ukweli ni kwamba siku hizi vidude vidogo vimejaa kila mahali: kimoja kinapima hewa chini ya shimo, kingine kiko kwenye pampu ya maji, kingine kwenye winchi, na vyote vinapiga soga kimyakimya bila mtu kuvisikia. Lazima awepo wa kupanga ni kipi katika soga hizo kitokee kwenye kioo cha umeme ukutani, mbele ya watu wengi kwa pamoja, na nani aruhusiwe kugusa nini. Mtu huyo ni mimi. Ni kazi ya upweke kuliko inavyosikika, maana unashinda ukiwatazama watu wanaotazama kitu kingine.

Kioo changu cha kwanza hapa wilayani kwetu Nyang'hwale nilikifunga kwenye banda la kikundi cha wachimbaji wadogo. Duara lao, yaani shimo lenyewe, lilikuwa refu la kutisha, na hewa ya chini haikuaminika. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawa natazama macho ya watu yanaelekea wapi. Wanaoshuka walitaka kujua jambo moja, hewa ikoje. Wa winchi walitaka kujua kama kamba imefika chini. Kina mama wanaoponda mawe walitaka kujua kama mawe yanakuja au waende zao wakapike. Wote hao walikuwa na kioo kimoja. Mwenyekiti wao, mtu wa haraka na mwenye sauti kubwa, akaniagiza niweke kila kitu, mpaka viroba vya mawe vilivyopanda tangu asubuhi. Nikaweka. Kilikuwa kioo kizuri, na rangi zake nilizipanga kwa raha. Kesho yake jua halijapanda vizuri, madalali walikuwa wameshajaa bandani wakisoma viroba vya watu kwa sauti na kujipangia bei. Mwenyekiti yuleyule akaja akachomoa waya kwa mkono wake.

"Fundi, umetuvua nguo," akaniambia.

Nilielewa, ingawa nilinuna siku nzima. Nikaondoa karibu yote. Ukutani nikaacha mstari mmoja mpana wa rangi: kijani ni shuka, njano ni subiri, nyekundu ni toka. Mengine kila mtu akayapata mahali pake, pembeni, bila mwenzake kumchungulia. Kioo kile kikakubalika, na nikaanza kujiona bingwa. Nikawa nawaambia wenzangu wa kwetu Shinyanga kwamba kugawana kioo ni kujua nini cha kuficha. Maneno matamu hayo, na niliyasema kwa kujidai, kisha nikaenda nikavurunda jambo lilelile palipokuwa karibu na moyo wangu kuliko duara lolote.

Mke wangu alikuwa mzaliwa wa Kharumwa. Nilimpata Shinyanga mjini, tukaoana, na kazi za machimbo ziliponivuta huku tukahamia kwao. Alifariki kwa ugonjwa wa figo kabla hatujajaliwa mtoto. Matanga yalipokwisha ndugu zangu waliniambia nirudi mjini, nifanye nini tena huku ugenini. Nikawaambia kazi inanibana. Kazi haikuwa inanibana. Nilikuwa siwezi kuondoka mahali alipo mama yake.

Mama mkwe anaishi peke yake upande wa pili wa mji, katika nyumba ya tofali za kuchoma ambayo mlango wake wa nyuma unatazama majaruba ya mpunga. Ndiye mtu pekee niliyekuwa na uhakika kwamba akiamka asubuhi anamkumbuka mtu yuleyule ninayemkumbuka mimi. Wengine walishamaliza msiba wao, na siwalaumu.

Sasa, kwetu Shinyanga mjini, katika nyumba yetu ya watu waliochanganyika, babu wa pwani na bibi Msukuma wa pembeni mwa Mwadui, mume wa dada yangu alikuwa akija anakaa sebuleni, mama anamtania juu ya kitambi chake, wanakunywa chai wakicheka. Ukweni kwangu mambo ni mengine. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Nikimwona anakuja njiani mimi nakata kona, naye anavuta kanga mpaka machoni. Hakuna chuki hapo, ni heshima tupu, tena kubwa. Mwanzoni nilikuwa nacheka na mke wangu chumbani, namwambia mama yako namjua kwa ndala tu. Naye alinifinya, akasema ndiyo raha ya mkwe, huna cha kumsengenyea.

Alipokuwa hai, yeye ndiye alikuwa njia yetu. Mama akitaka kusema nami alimwambia yeye, nami nikimjibu mama nilimjibu kwake, na katikati aliongeza chumvi zake. Alipokufa hatukuwa na njia tena. Tulibaki wawili tunaomlilia mtu mmoja, kila mmoja nyumbani kwake, na hakukuwa na namna ya kukaa chumba kimoja tukamzungumza. Simu mama anayo. Nikimpigia anapokea, anasikia sauti yangu, ananyamaza, halafu namsikia akimwita jirani yake: "Njoo umsikilize baba." Baba ndiye mimi.

Mwaka jana presha ilimwangusha jikoni. Jirani huyo, mwanamke wa rika langu mwenye kicheko cha kusikika barabarani, alimkuta sakafuni jua limeshakuwa kali. Alipona. Lakini shemeji yangu, kaka wa marehemu, anayefanya kazi Dodoma, akaja na uamuzi mfukoni: mama hawezi kukaa peke yake, anamchukua. Mama akakataa kabisa. Ndipo shemeji akanifuata kwangu, akakaa, akazungusha kikombe cha chai mikononi.

"Shemeji," akasema, "wewe ndiye uliye karibu naye. Lakini huwezi hata kuchungulia mlangoni. Utamsaidia nini?"

Hakusema kwa ubaya, ila iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nikamwomba aniachie mpaka mavuno ya mpunga. Nikamwambia hii ndiyo kazi yangu, nitatengeneza kitu kitakachotufanya mimi na mama tujuane hali kila asubuhi bila kuonana. Kikifanya kazi, abaki. Kikishindwa, amchukue, nami sitafungua mdomo. Akakubali kwa shingo upande. Sikumwambia yaliyobaki, kwamba namhofia mama, ndiyo, lakini najihofia mimi zaidi. Akiondoka yeye, Kharumwa kwangu inabaki mji wa kupangisha chumba tu.

Nikatengeneza kwa mbwembwe zangu zote. Kioo chembamba, ukubwa wa daftari, nikampa jirani akakitundike ukutani kwa mama. Kwa kuwa mama hapendi kusoma, niliweka michoro. Kwake kilionyesha nyumba yangu: kikombe kinawaka nikichemsha maji, sahani inawaka nikila, kitanda kinawaka nikizima taa. Kwangu nilitundika kinachofanana nacho, kinionyeshe nyumba yake. Nilidhani ni haki bin haki. Anaona kwangu, naona kwake, hakuna mkubwa. Siku ya kwanza nilikula ugali wangu kwa madaha kidogo, nikijua kuna mtu anajua kwamba nakula.

Siku ya pili kioo cha kwangu kikawa kimya, hakionyeshi chochote. Nikamtuma jirani akaangalie. Akarudi anajishika mbavu.

"Fundi, hivi mama umemfanyia nini?"

"Nimefanya nini?"

"Kakifunika kanga kidude chako, na waya kachomoa. Umemtundikia mkwe wako sahani ukutani, inawaka ukila! Hiyo tungesema fundi kapitiwa. Lakini kitanda, fundi? Mama wa watu kila jioni analetewa taarifa kwamba mkwe wake kashapanda kitandani!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mimi huyohuyo niliyewaambia watu kwamba kugawana kioo ni kujua nini cha kuficha. Mkwe asiyeruhusiwa kutafuna mbele ya mama mkwe nilikuwa nimeingia na sahani yangu na godoro langu mpaka chumbani kwake, tena kwa rangi. Nikaenda nikatembea kwenye njia ya majaruba nikijitukana kwa sauti.

Nikaanza upya, na safari hii nilianza na yale tusiyoruhusiwa. Tusionane. Tusisikilizane sauti. Asijue nakula nini, nalala saa ngapi. Nisijue yuko chumba gani. Nikaondoa, nikaondoa, mpaka kikabaki kitu ambacho hata jina la kioo hakistahili: kijisanduku cha mbao nilichochongesha kwa seremala wa Masumbwe, chenye taa moja ndogo ya rangi ya mafuta ya ng'ombe. Kimoja kwake, kimoja kwangu. Birika langu la umeme likichemka, taa ya kwake inawaka, inakaa kitambo, inafifia taratibu. Yeye akifungua mlango wa nyuma, taa ya kwangu inawaka vilevile. Basi. Hakuna mchoro wala neno. Jirani akakipeleka, akamweleza mama hadi akaridhika. Aliporudi akaniambia mama kakiweka juu ya kabati la vyombo, na ile kanga ya kufunikia kaichukua.

Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya kijisanduku changu kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Birika likachemka. Nikangoja. Taa ikawaka. Nikajikuta nasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje, mama, salamu ya asubuhi ya Kisukuma ambayo sikuwahi kumpa ana kwa ana. Machozi yakanitoka, nami si mtu wa machozi.

Tangu hapo asubuhi zangu zikapata mwenyewe. Nyumba ilikuwa ileile. Kiti cha mke wangu kilikuwa palepale na nguo zangu zimerundikwa juu yake ili nisikione ni kitupu. Bado nilichemsha maji asubuhi, nikajaza chupa ya chai, nikainywea mpaka jioni, maana nani ataanza kuwasha birika tena kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini pale kati ya birika na taa kulikuwa na kitambo kidogo ambacho sikuwa peke yangu. Siku nyingine taa yangu iliwaka kabla sijaweka maji, nikajua kaamka mapema, nikakimbilia birika kwa haraka ya mtu aliyechelewa kuitikia shikamoo. Siku za mvua alichelewa, nami nilichelewa kutoka nikimsubiri. Nadhani katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuwa karibu na mama mkwe kiasi kile.

Ningeweza kusema nilikuwa na furaha. Nilikuwa na kitu cha kungojea, na kwa mjane hivyo viwili vinafanana sana. Nilikataa kazi ya machimbo ya upande wa Geita iliyonitaka nikae huko kwa muda. Idi nilikaa Kharumwa, nikamdanganya mama yangu mzazi kwamba nimebanwa. Rafiki zangu wa Shinyanga walipiga simu mara chache, kisha wakaacha, na sikuona hasara. Mpunga ukavunwa. Shemeji akapiga simu kutoka Dodoma, akasema jirani kamwambia mambo yanakwenda vizuri, basi mama abaki tu. Nilikata simu nikapiga ngumi hewani kama mtu aliyefunga goli. Nilijua nimeshinda, na nilijipongeza sana kwa ule ubingwa wangu wa kuondoa vitu.

Halafu asubuhi moja taa haikuwaka.

Birika likachemka likajizima. Nikangoja. Nikafunua kijisanduku, nikakiona kizima. Mtandao ulikuwepo, umeme ulikuwepo. Nikampigia jirani, akasema yuko msibani Masumbwe, alitoka jana. Nikampigia mama mwenyewe, simu ikaita mpaka ikakatika. Sikumbuki kama nilifunga mlango. Nilipita mjini mbiombio, wazee wakinisalimu nami nikijibu huku nikiwapa mgongo, utovu wa adabu ambao Kharumwa watu wanausema mwezi mzima.

Nikafika kwenye mlango wa nyuma, ule unaotazama majaruba. Ulikuwa umefungwa. Katika miaka yote sikuwahi kusimama pale. Nikaita, "Mayu! Mwangaluka, mayu!" Kimya. Nikaita tena. Nilijua nikiingia nikamkuta sakafuni, nguo zimemkaa vibaya, nitakuwa nimemwona kama nisivyopaswa kumwona kamwe, na akipona itabidi aishi na aibu hiyo. Nilijua pia kwamba nisipoingia anaweza kufa huku nikiwa nimesimama nje na heshima zangu. Nikashika kitasa.

"Nipo mzima, baba," sauti ikasema kutoka ndani, karibu sana, nyuma tu ya ubao. "Usiingie kwanza."

Nikakaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye mlango.

"Kidude kimeharibika?" nikauliza. Ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza moja kwa moja, na lilikuwa la kijinga kiasi hicho.

"Hakijaharibika. Nimekichomoa."

"Kimekuudhi tena, mayu?"

"Hapana. Kile kizuri. Kile kiliniweka hapa." Nilimsikia akishusha pumzi. "Birika lako, baba, linachemka asubuhi, halafu basi. Mpaka kesho yake. Mchana naangalia, jioni naangalia, hakuna. Mpaka siku ya Idi nikaangalia. Nikasema leo litachemka tena, leo atakuja mtu, atanyweshwa chai. Halikuchemka."

Nilikuwa nimefuta sahani, nimefuta kitanda, nimefuta kila kitu cha kunionyesha, na bado alikuwa ameniona mzimamzima.

"Mwanangu ananiita Dodoma tangu mazishi," akaendelea. "Si juzi nilipoanguka. Tangu mazishi. Nikawa nakataa. Nikasema nikienda, yule baba wa watu nitamwacha na nani? Nikabaki. Sasa naona nikibaki ndiyo utakaa hivyohivyo, unanichunga mimi, unazeeka na chupa yako ya chai. Nimemwambia mwanangu aje. Anakuja keshokutwa."

"Mayu, mimi nilibaki kwa ajili yako."

"Najua, baba. Na mimi kwa ajili yako. Tumechungana vya kutosha."

Nililia pale kizingitini bila kujificha, majaruba yote yakinitazama. Yeye hakunikataza. Nilitaka kumwambia asiende, kwamba nitachemsha birika mara kumi kwa siku akitaka, kwamba nitaita watu. Lakini angejua ni uongo, na mimi pia nilijua. Nikamwambia tu kwamba nitamkosa. Akasema, "Wabeja, baba," ahsante, kwa sauti iliyokuwa inaondoka.

Kisha nikasikia komeo likifunguliwa. Niliruka nikasimama, nikageukia pembeni, macho chini, kama nilivyofundishwa.

"Inua macho," akasema.

"Mayu, siwezi."

"Mtoto aliyetufanya tuoneane haya hayupo tena. Inua."

Nikainua. Alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameishusha mabegani, hakujifunika. Ulikuwa uso wa mwanamke mzee niliyemjua kwa miaka, uso ambao sikuwahi kuuona. Naye alinikagua bila haraka, kama mtu anayehakikisha sura aliyokuwa akisimuliwa.

"Watu walisema tunafanana," akasema. "Mimi siwezi kujua, uso wangu siuoni. Wewe ndiye uliyemtazama sana. Ni kweli?"

Nyusi zilikuwa zake, zile zinazokutana akiuliza jambo. Mdomo ulikuwa wake, ukingoja jibu vilevile, kona moja chini. Nilikuwa namtazama mke wangu kama angefika uzee, ambao mimi nilidhani sitauona.

"Ni kweli, mayu," nikasema. "Ni kweli kabisa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Halafu akatoka mlangoni, akasimama nje juani, ili nimwone vizuri.